Picha ya Meko na Mafuta ya Upako

Nyumba yangu ya Inver Grove Heights, huku ughaibuni, ina meko ukutani ya kuotea moto wakati wa baridi, na juu ya meko nimetundika picha ya meko. Anayecheka acheke. Niliinunua mji wa Anoka, walipokuwa wakiuza vitu vya marehemu fulani: karatasi kuukuu iliyochapwa, mchoro wa fundi wa Italia wa zamani aliyebuni meko ya kifahari kwa kuiga Warumi na Wamisri wa kale. Kuna vichwa vya kondoo dume, simba wenye nyuso za wanawake, mashada ya matunda. Miaka yote ya kuogesha wazee wa watu kwenye makao ya wazee kule Eagan, zamu juu ya zamu, hicho ndicho kitu cha kwanza nilichojinunulia kwa sababu ni kizuri tu. Nilikipenda, basi.

Wenzangu wa kanisa wakaja kuombea nyumba, kama ilivyo desturi yetu Wakenya mtu akihamia. Mzee wa kanisa alitangulia na kichupa cha mafuta, akipaka kila mlango. Alipofika sebuleni akasimama ghafla.

"Dada, haya ni masanamu. Toa hiyo picha, la sivyo hatumalizi maombi."

Loo! Damu ilinichemka. "Mzee," nikamwambia, "kanisa tunalokodi lina nguzo zenye majani ya mawe huko juu. Huo ni mtindo wa hao hao wapagani. Mbona kila Jumapili unaziegemea?"

Mama mmoja akakohoa kuficha kicheko. Mzee akachovya kidole gumba kwenye mafuta, akakemea pepo kwa jina la Yesu, akakikandamiza katikati ya picha, juu ya uso wa simba. Wote wakaitikia amina. Nilikuwa sijaitia kioo. Mafuta yakazama kwenye karatasi, doa likatanda mbele ya macho yangu.

"Ai! Mzee, umeniharibia!" Nililia, sioni haya kusema. Yeye akanyoosha mkono aishushe.

Nikajitia kati yake na ukuta. "Usiiguse! Si wewe hutufundisha kwamba kilichopakwa mafuta ni cha Mungu? Umeipaka kwa mkono wako, na amina tumesikia. Sasa unataka kuipeleka wapi?"

Mkono wake ukashuka polepole. Nikawaambia chai iko tayari.

Sijatafuta mtu wa kuondoa doa lile. Nimeitia picha kioo pamoja nalo, na mzee akija kwa maombi, namkalisha kwenye kiti kinachoitazama.