Mama Mkwe na Sauti ya Nyuma ya Leso

Nakumbuka Jumapili moja, miaka ya tisini, Mama Nekesa alipotoka mtaa wa Kongo, kule Kawangware, akatembea mpaka kibanda changu cha video pale kijiji cha Raila, Kibera, aje anipime. Siku hizo, mwanangu, kibanda cha video kiliitwa shule ya wezi. Yeye alikuwa mtu wa kanisa, na alishasema wazi kwamba binti yake haolewi na mtu wa kuwaonyesha vijana bunduki. Nekesa alimbembeleza aje ajionee kwanza. Mimi nilimpenda Nekesa hata usingizi ulinihama.

Kwetu Wabukusu mkwe na mama mkwe hawakai chumba kimoja wakatazamana. Uchumba ulikuwa bado maneno tu, lakini heshima haingoji harusi. Basi nikatundika leso ya buluu katikati ya kibanda, nikajibanza nyuma yake, mgongoni mwa runinga. Picha nisingeiona. Lakini kazi yangu ilikuwa kuwatafsiria watazamaji Kiingereza kwa sauti, na kanda zangu nilizijua kichwani.

Nilimwandalia kanda ya kwaya. Mashine ikaitafuna! Iliyokuwa karibu ni filamu ya miaka ijayo, ya roboti na magari yanayopaa na milipuko isiyokwisha. Watu walishaketi, wananung'unika. Nikaiweka jasho likinitoka, nikijua nimemkosa Nekesa.

Milio ya risasi ikaanza. Nikasikia benchi ikilia, kama mtu anayetaka kuinuka aende zake.

"Muulizeni huyo anaongea," Mama Nekesa akasema, "hawa watu wanapigania nini?"

"Maji, mama," nikajibu kupitia leso. "Matajiri wanaishi juu, kwenye mji wa vioo. Wamefunga bomba la watu wa chini."

"Ati miaka hiyo yote, na bado ni foleni ya maji?"

Kibanda kizima kikacheka, naye akacheka. Kisha akauliza tena, polepole, "Na huyo msichana anapigana, mama yake ako wapi?"

Filamu ile niliionyesha mpaka kanda ikaanza kukwaruza, na swali hilo halikuwahi kunijia. Ndipo nikamkumbuka mwanamke wa mwanzoni, yule anayesimama mlangoni na ndoo kabla ya fujo kuanza.

"Ni yule wa ndoo, mama. Bado anamngoja."

Kuanzia hapo nilitafsiri kwa sauti ya chini, kama mtu anayesimulia ndoto yake asubuhi. Mwanga wa mji ule ulipenya leso, ukatambaa kwenye mabati juu yangu, buluu kisha dhahabu, nami nikawa namwona yule msichana vizuri kuliko siku zote nilizokaa mbele ya picha. Vijana waliacha kupiga mbinja. Maji yalipoanguka hatimaye ndani ya ndoo ya mama yake, Mama Nekesa alipiga kigelegele cha kanisani kabisa. Mimi nyuma huko nilikuwa nalia, sioni haya kukwambia.

Wakati wa kuondoka hakunisemesha mimi. Alimwambia binti yake, kwa sauti ya kunifikia, "Nilikuja hapa nikijua nitakasirika. Sijakasirika. Mwambie huyo wa nyuma ya leso alete wazee wake."

Mwanangu, kitu usichokipenda kipe muda, keti nacho mpaka mwisho kabla hujakisema. Na kile unachodhani umekimaliza, mkaribishe mgeni akitazame nawe, kwa maana atauliza ulichokipita. Mimi mke nilimpata hivyo.

Mama mkwe sasa ni mzee sana. Nikimpelekea sukari nasimama nje ya mlango, kama inavyopasa, naye ananiuliza kutoka ndani kama yule msichana bado yupo na mama yake. Namjibu wapo. Mungu akupe mlango ambao mtu anakungojea, mwanangu, na akufikishe ndoo ikiwa imejaa.