Jina Ndani ya Daftari la Karani

Karani wa shule hulowesha kidole gumba kwa ulimi kila anapofunua daftari, na huongea chinichini kama mtu aliye chumbani na mtoto mchanga aliyelala. Humdanganyi ng'o. Anayehama mtaa hupoteza nafasi ya mtoto, kwa hiyo mzazi akiapa kwamba hajahama, karani hujikokota mwenyewe hadi nyumbani kwake kubisha hodi, na mtoto atakayemkuta humpa penseli aandike jina lake daftarini; huo ndio ushahidi pekee anaoukubali.

Mama huyu ameapa. Amekaa mbele ya karani roho mkononi, na ufunguo wa nyumba ya zamani, iliyo tupu wiki ya tatu sasa, umo mkobani mwake. “Nilipita kwenu jana saa kumi, mama,” karani anasema, kidole ulimini. Mama anajua yamemwishia. Jana saa kumi walikuwa kwenye nyumba mpya wakitundika mapazia, binti yake wa pekee akimshikia misumari. “Nyumba haina hata kiti, lakini hiyo si kazi yangu. Nafasi ya binti ipo.” Anamgeuzia daftari. Jina limeandikwa kwa mwandiko wa binti yake kabisa, hata ile herufi ya mwisho inayoshuka chini ya mstari.

“Ana adabu mtoto yule,” karani anasema, sauti ikizidi kushuka. “Ila msimwache peke yake siku nyingi hivyo. Ameniuliza mtarudi lini kumchukua.”