Mashine Iliyomjua Rael Peke Yake

Masomo ya hiari, kwa jina lake, ni ya mtu kujichagulia. Lakini wanafunzi wa kompyuta wa mwaka wa nne katika chuo kimoja cha Homa Bay walijichagulia kwa kuchungulia rafiki zao wameandika nini. Waliopenda kutembea walichukua somo la kuifundisha kompyuta kuona, wakawa wanashinda ufukweni Kisegi wakipiga picha omena, dagaa wa ziwani, zilizoanikwa, eti mashine ijifunze kujua zilizokauka na zilizoanza kuharibika. Waliopenda raha walichukua lile la miwani mikubwa inayomfunika mtu uso na kumpeleka mahali ambapo hayupo. Nyatichi, aliyeishi chumba kimoja na Rael, alikuwa wa huko kwenye miwani. Wiki nzima alizunguka chumbani mikono mbele, akijigonga kwenye vitanda na kusema yuko kisiwani Rusinga.

Rael Magige alichukua somo la tatu, la kuifundisha mashine lugha za watu. Aliambiwa lina hesabu nyingi na halina raha hata kidogo, akatia pamba masikioni. Sababu yake hakumweleza mtu. Alitaka kitu kinachoelewa Kikuria, hata kama ni mashine, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuwa amezungumza Kikuria na mtu tangu alipokuwa msichana wa darasa la nane.

Mwaka huo wa darasa la nane ndipo wasichana wa rika lake walipopelekwa kukeketwa. Rael alitoroka alfajiri, akatembea mpaka kituo cha kanisa kinachopokea wasichana kama yeye, ambako Kiswahili tu ndicho kiliruhusiwa. Baba yake, mzee Magige, hakumfuata wala hakuinua fimbo. Alitangaza tu nyumbani kwamba hakuna mtu wa boma lake atakayezungumza na Rael mpaka arudi afanyiwe walivyofanyiwa wenzake. Rael hakurudi, na neno la mzee likashika. Kanisa likamsomesha akafika chuo, akiishi kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, na kwa Dholuo kidogo ya kununulia sukuma wiki. Lugha ya mama yake ilibaki ya kujisemea moyoni na ya kuota ndoto.

Kazi ya somo ilikuwa kukusanya sauti za watu wakisoma sentensi, kuziandika, kisha kuilisha mashine mpaka iweze kusikia na kuandika yenyewe. Wanafunzi Wajaluo walitoka tu nje ya bweni wakaita, wakapata watu wa kurekodi mpaka wakachoka kuwafukuza. Wakisii nao hawakuhangaika. Rael alimwendea Levis, Mkuria wa mwaka wa pili, ambaye kwanza alisema ana mtihani, halafu ana homa, mwishowe akasema ukweli.

"Baba zetu wanachunga pamoja, Rael. Sitaki jina langu lifike huko."

Rael alimwambia anaelewa. Alielewa, na roho ikamuuma vilevile.

Basi akajifungia kwenye stoo ya maabara, akasoma sentensi zake zote mwenyewe. Mashine ikashika haraka ajabu. Kila alichotamka iliandika sawasawa, na furaha yake ikawa kubwa kuliko jambo lenyewe. Akaanza kuisemesha mambo yasiyo ya somo: kwamba kumenyesha, kwamba Nyatichi ameunguza ugali tena, kwamba viatu vyake vinavuja. Mashine iliandika yote bila kuchoka, naye alitoka stoo akijihisi ameongea na mtu. Tusimcheke. Aliyekaa miaka bila kuitwa kwa lugha yake haulizi anayemsikiliza ana masikio ya aina gani.

Mwalimu wao, Dkt. Osoro, alikuwa Msabato mpole asiyepaza sauti hata darasa likiwa vurugu. Alikuja na sauti ya mzee mmoja Mkuria aliyoirekodi sokoni Isebania, akaiweka kwenye mashine ya Rael. Mashine ikaandika takataka. Akaweka ya mama mmoja wa hukohuko, ikaandika takataka nyingine. Osoro akavua miwani akaifuta kwa muda mrefu.

"Rael," akasema, "mashine hii haijui Kikuria. Inakujua wewe peke yako."

Alimweleza kwa upole kwamba kwa sauti moja mradi hauwezi kupita, na mradi usipopita hatahitimu na wenzake. Atafute sauti nyingine, walau ya mtu mmoja aliye tayari kusoma sentensi zote. Rael aliitikia ndiyo, akaenda chooni akalia. Mambo ya kuhitimu hata hayakuwa akilini mwake. Alilia kwa sababu mwalimu, bila kujua, alikuwa ameyasema maisha yake kwa maneno machache.

Mtu aliyebaki alikuwa mmoja tu. Mama yake aliuza wimbi, nafaka ya uji, katika soko la Migori, na hapo walimwita Mama Maroa, kwa jina la kaka yake Rael. Rael alijua kibanda siku zote. Mara kadhaa alikuwa amepita upande wa pili wa soko kumtazama kwa mbali, kisha akaondoka. Safari hii alijikaza akaenda mpaka pale, akasimama mbele ya gunia la wimbi na laptopu mgongoni.

Mama yake alimwona, akatazama kushoto na kulia, akaendelea kupepeta. Aliyewaokoa ni Kemuma, Mkisii aliyeuza ndizi kibanda cha pili na kujua habari zote za soko, za kweli na za kutungwa. Rael alimweleza yeye shida yake, kwa Kiswahili, kwa sauti ya kutosha kusikika kibanda cha jirani. Kwamba ni maneno ya kusema tu. Kwamba yanasikilizwa na mashine. Kemuma akasema chumba chake cha kuivishia ndizi kina kimya na kina mlango.

Mama Maroa aliweka ungo chini. Alipozungumza, alimgeukia Kemuma.

"Mzee alikataza nisiongee na huyu msichana. Kuambia mashine maneno yake si kuongea na yeye. Au ni kuongea?"

Kemuma akasema si kuongea hata kidogo, na kwamba hata pasta angesema hivyo.

Kwa hiyo wakaingia, mama na binti, wakakalia kreti kati ya mikungu ya ndizi. Mama yake hakujua kusoma. Rael alisema sentensi, akabonyeza kitufe, akainua kidole, na mama yake akairudia kwenye maikrofoni. Ng'ombe wamekwenda kunywa maji. Mvua imechelewa mwaka huu. Dukani hakuna chumvi. Sheria ya kurekodi ni kwamba anayerekodi hatoi sauti yoyote mashine ikiwa wazi, na msomaji akiongeza neno lake, anatikisiwa kichwa na sentensi inarudiwa. Rael alikuwa amefundishwa sheria hiyo mpaka ikamwingia mifupani. Sauti ya mama yake ilikuwa imekuwa nzito kidogo, na Rael alikazana kuangalia michoro ya sauti hiyo kwenye skrini ili asimwangalie usoni.

Katikati ya kazi, baada ya sentensi ya chumvi, mama yake hakunyamaza.

"Huko unakula?" akauliza.

Rael alitikisa kichwa na, akisahau kuifunga mashine, akasema tena: Dukani hakuna chumvi. Mama yake akamtazama kidogo, kisha akarudia kama alivyoambiwa. Rael alijiambia atajibu wakimaliza. Lakini walipomaliza, mama yake alijifunga kitambaa, akarudi moja kwa moja kwenye wimbi lake, na mbele ya kibanda palikuwa tayari pamesimama mwanamume wa kijijini kwao akiulizia bei.

Ilikuwa chuoni, vipokea sauti masikioni, akikata vipande visivyohitajika, ndipo Rael aliposikia kwa kweli. Swali la mama yake. Kimya. Halafu sauti yake mwenyewe, kavu kama ya karani, ikisema hakuna chumvi. Mama yake alikuwa amevunja neno la mzee Magige kwa ajili yake, mara moja tu, naye akamtikisia kichwa kama mtoto aliyekosea darasani. Aibu ilimshika mpaka akavua vile vipokea sauti, kama kwamba yupo mwingine aliyekuwa akisikiliza.

Siku ya soko iliyofuata alikuwa Migori mapema. Nyuma ya gunia la wimbi alikaa mke wa kaka yake, Maroa. Rael alimsalimu. Yule mwanamke alijaza kipimo, akakisawazisha kwa kiganja, akageuza uso. Kemuma akamvuta Rael pembeni.

"Mama yako hakuji tena hapa. Mzee aliskia," akasema. "Lakini aliniuliza kama ulimkasirikia. Mimi nikasema sijui. Ningesema nini?"

Rael alitaka kumwachia jibu la kumfikishia mama yake. Kemuma alimwambia ukweli kwamba yeye hafiki huko kwao, simu ya nyumbani ni ya mzee, na huyo mke wa Maroa hata salamu za Kemuma hapokei. Kemuma akampa ndizi za njiani, akakataa pesa.

Siku ya kuonyesha miradi darasa lilijaa. Picha za Kisegi zilishangiliwa, na foleni ya miwani ya akina Nyatichi ikafika mlangoni. Zamu ya Rael ilipofika, Dkt. Osoro aliweka ile sauti ya mzee wa Isebania, na safari hii mashine ikaandika karibu yote sawa. Mwalimu alifurahi mpaka akasahau upole wake. Akamwomba Rael aseme chochote kwa Kikuria, maneno yoyote yale, watu waone.

Rael alisogeza maikrofoni. Akasema polepole:

"Nakula, mama. Ugali wa huku ni laini sana, lakini nakula. Sikukukasirikia."

Maneno yakajiandika ukutani, makubwa, bila kosa hata moja. Darasa zima likapiga makofi. Osoro akauliza huku akicheka hayo ni maneno gani. Rael akasema ni salamu tu, akachomoa waya wake, akampisha anayefuata.