Nahodha Alisema Njooni

Fukazawa Tamiko alikuwa kinyozi katika mji wa Kurogi, mji wa viwanda vya karatasi, na kichwa alichokijua kuliko vyote, ukiondoa cha mumewe, kilikuwa cha Nirasawa Daigo, nahodha wa timu ya soka ya mji. Daigo aliletwa na timu hiyo akiwa bado mtoto, mbali na kwao. Mume wa Tamiko, Yasuo, ndiye aliyemnyoa siku ya kwanza, na Tamiko akampa wali na mchuzi wa bizari kwa sababu alikuwa analia kichinichini. Tangu siku hiyo akawaita Mama na Mzee, na hakuwahi kunyolewa pengine.

Kisha Yasuo akapata kiharusi. Upande wa kulia ukalala, akahamia kwenye kiti cha magurudumu, mkasi ukabaki kwa mkewe. Uwanjani hakukanyaga tena. Mechi alizitazama kwenye televisheni, sauti kaipunguza, na akiulizwa kwa nini haendi, hujibu kwamba hataki kuwa mzigo wa kusukumwa kama gari la taka.

Alhamisi moja ya masika, Daigo alikuja kunyolewa. Jumamosi yake Kurogi walikuwa wageni wa Hamanobe, watani wao wa jadi walio ng'ambo ya mto.

"Mama, mnakuja?" aliuliza.

"Mimi nakuja. Mzee ana televisheni yake."

Daigo aligeuka ghafla hata mkasi ukasimama hewani. "Mzee naye aje! Mechi kama hii mtu anaitazamia nyumbani? Mzee, njoo. Nikifunga nakukimbilia wewe kwanza, kabla ya mtu yeyote."

Yasuo, aliyekuwa ameketi karibu na dirisha, alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. "Na ukikosa?"

"Hamanobe nimewahi kuwakosa lini?"

Jioni ile Yasuo alimwambia mkewe amtafutie skafu yake ya zambarau, rangi ya timu. Tamiko alikwenda kuitafuta kabatini, akakaa huko kitambo, maana machozi yalikuwa yamemtoka na hakutaka aonekane.

Jumamosi walivuka daraja kwa treni. Jirani yao Ochiai, muuza tofu mwenye sauti ya kengele, ndiye aliyesukuma kiti. Waliposhuka upande wa pili, mashabiki wa Hamanobe waliovalia rangi ya machungwa walikuwa wamejipanga nje ya stesheni wakiwangoja.

"Karibuni, watu wa karatasi!" akapaza sauti mmoja. "Leo mnaloweshwa! Mtarudi kwenu mmekuwa uji!"

"Karatasi zetu ndizo mnazofungia samaki wenu waliooza!" akajibu Ochiai. "Bila sisi mngenuka hadi mji mkuu!"

Yasuo alicheka hadi akakohoa. Tamiko hakukumbuka ni lini mara ya mwisho alimsikia akicheka hivyo mbele za watu. Njiani wakanunua wali wa samaki mkunga wa kuchoma, Yasuo akala wote, akasema kwa sauti ya chini kwamba Mungu amsamehe, lakini mkunga wa Hamanobe ni mtamu kuliko wa nyumbani.

"Ukirudia maneno hayo nakuacha hapa hapa," Tamiko akamwambia.

Viti vya magurudumu huwekwa mbele kabisa, karibu na nyasi. Wakaketi. Kisha ubao mkubwa ukaanza kuonyesha kikosi cha Kurogi, jina moja baada ya jingine, na kadiri majina yalivyozidi kutoka, ndivyo jukwaa la zambarau lilivyozidi kunyamaza. Golikipa alikuwa wa akiba. Mabeki wote wa akiba. Mshambuliaji alikuwa kijana ambaye Ochiai hakuwahi hata kumsikia. Jina la Nirasawa Daigo lilitokea chini kabisa, kwenye orodha ya benchi.

"Wametuletea chekechea," alisema Ochiai. Safari hii hakupaza sauti.

"Labda ameumia," alisema Tamiko.

Lakini Daigo alikuwa anaonekana pale ng'ambo ya uwanja, amevaa koti, anatafuna kitu, anataniana na daktari wa timu. Hakuwa na jeraha lolote.

Kipindi cha kwanza hakijafika katikati, Hamanobe walikuwa na mabao mawili. Wenyeji wakatoa karatasi za chooni, wakazilowesha kwa maji ya chupa, wakazipunga hewani huku wakiimba. Wakati wa mapumziko, mwanamke aliyekuwa nyuma ya Tamiko alimgusa bega, akamkaribisha chungwa. Alikuwa mama wa yule mshambuliaji asiyejulikana, na fulana yake mpya ilikuwa bado na mikunjo ya dukani.

"Ni mechi yake ya kwanza," alisema, uso umemng'aa. "Tangu Jumatatu sijalala."

"Jumatatu?"

"Si ndiyo siku kocha alipowaita wote? Aliwaambia wakubwa wanapumzishwa kwa ajili ya nusu fainali ya kombe, Jumatano. Leo wanacheza vijana. Mwanangu alinipigia simu hawezi hata kusema."

Tamiko alimshukuru kwa chungwa, akamtakia mwanawe heri. Kisha akageuka mbele. Jumatatu waliambiwa. Alhamisi Daigo aliketi kwenye kiti cha kunyolea, shuka shingoni, akasema Mzee aje. Chungwa lilimkaa mkononi bila kumenywa. Alimtazama mumewe, aliyekuwa ameinama mbele na skafu yake, bado anaangalia benchi kila mara, akingoja nahodha avue koti.

Nahodha hakuvua koti. Mabao yakawa manne. Kipenga cha mwisho kilipolia, wachezaji wa Kurogi walikuja mbele ya jukwaa lao kuinama, kama ilivyo desturi. Vijana walikuwa wanalia, matope hadi masikioni. Daigo alikuja nyuma yao, mkavu, nywele zake alizonyolewa juzi zimekaa vizuri. Aliinama pamoja nao. Alipoinua kichwa alimwona Yasuo, akampungia mkono.

Yasuo akainua mkono wake wa kushoto. Tamiko aliendelea kushika vishikio vya kiti kwa mikono yote miwili.

Jumatano Kurogi walishinda nusu fainali, na Daigo alifunga. Mji ukasahau Jumamosi kama ndoto mbaya. Ochiai aligawa tofu bure. Wateja waliingia kinyozini wakimsifu kocha kwa akili zake, na Tamiko akawanyoa. Kushindwa alikuzoea. Nani shabiki wa Kurogi asiyekuzoea? Hilo jingine, la Alhamisi, ndilo alilobaki nalo, na hakuona wa kumweleza.

Daigo alikuja wiki iliyofuata na keki ya krimu. Tamiko alimkalisha, akamfunga shuka, akanyoa. Alipomaliza upande mmoja akauliza, "Ulijua hutacheza?"

Kijana alitazama mikono yake chini ya shuka. "Kocha alituonya tusimwambie mtu, Mama."

"Kunyamaza ningekuelewa. Lakini wewe hukunyamaza, Daigo. Ulisema."

"Nilitaka Mzee atoke nje kidogo. Ningesema sichezi, angekuja?"

"Hilo lilikuwa lake kuamua. Alikaa anaangalia benchi mpaka kipenga cha mwisho. Unajua mimi nilikuwa naangalia nini? Yeye."

"Mwache mtoto, Mama," alisema Yasuo kutoka dirishani.

"Si mtoto tena."

Alimaliza upande wa pili kwa uangalifu ule ule, akamshikia kioo nyuma ya kichwa, akamfungua shuka. "Uwanjani nitakuimbia. Wewe ni nahodha wetu. Ila nywele, kuanzia leo, tafuta pa kunyolea."

Daigo alisimama. Aliwainamia wote wawili, akatoka.

Jioni Yasuo alisogeza sahani ya chakula kando. Alikula keki peke yake, kipande baada ya kipande, krimu ikimwagikia kidevuni. Tamiko alimpangusa.

"Mechi ya ugenini ijayo ni wapi?" hatimaye Yasuo akauliza.

"Kaskazini. Mbali."

"Ochiai ataweza kusukuma?"

"Ataweza."

"Basi mwambie," alisema Yasuo, akavuta sahani yake karibu.