Asante Isiyokuwa Yangu

Wifi yangu alitokea bara, upande wa Ganze, kwenye nyumba ya wakulima. Mdogo wangu alipomuoa alimleta Malindi, tukakaa wote katika nyumba aliyotuachia marehemu baba. Mwaka wa kwanza tulipendana sana. Wivu ulikuja baadaye, na ulianzia kwenye karatasi niliyompa mwenyewe.

Mimi nilikuwa nasomesha shule ya msingi, na kila Jumamosi asubuhi nilikwenda Sabaki, pale mto unapoingia baharini, kuchora kwa rangi za maji. Kuchora nilijifunza chuo cha ualimu nikiwa msichana. Wenzangu wote waliacha, mimi sikuacha. Siku ya kwanza wifi alinifuata ili anisaidie kubeba ubao na chupa za maji. Alikaa mchangani akanitazama, hata akachoka kutazama.

"Wifi, huna kikaratasi kingine?"

Nikampa, pamoja na brashi iliyokwisha nywele.

Anayechora nje hushindana na jua, na jua halimngoji mtu. Pale Sabaki ni taabu zaidi, maana maji ya mto huja na tope la bara, mekundu, yakakutana na bahari ya kijani, na ule mstari wa katikati hauna rangi moja hata kwa dakika tano. Likipita wingu, wekundu unakuwa kahawia. Likiondoka, mchanga wote unang'aa, na kivuli ulichokiweka kwa nusu saa kinakuwa uongo. Mimi nilikuwa mtu wa kurekebisha. Nilifuata kila badiliko, nikapaka juu ya nilichopaka, mpaka karatasi ikachoka na bahari yangu ikawa kama maji yaliyooshewa vyombo.

Wifi hakurekebisha. Jumamosi ya nne au ya tano nilimwona amechora ukingo wa mto chini ya kivuli cha wingu, na wingu lenyewe lilikuwa limekwisha ondoka zamani.

"Rangi imeshabadilika, wifi," nikamwambia.

"Mimi nimeshachukua ile ya kwanza. Hii nyingine sikuitaka."

"Na ulijuaje kama kivuli kitapita pale, ukakiwahi?"

Akacheka kidogo. "Kwetu ukianika mahindi, unatazama juu kutwa nzima."

Nilitazama ile karatasi. Tope lilikuwa zito, bahari nyepesi, na kati yao aliacha uwazi mwembamba wa karatasi tupu ambao ndio uliokuwa mwanga wenyewe. Mimi nilikuwa nautafuta uwazi ule zaidi ya miaka ishirini. Nikamrudishia karatasi yake. Nikamwambia, "Endelea tu." Tangu siku ile, kila aliponionyesha kazi yake, jibu langu lilikuwa hilo hilo. Endelea tu.

Yeye mwenyewe hakuziona picha zake kuwa kitu. Hakuziandika jina. Moja, ya mlango wa mto baada ya mvua, mdogo wangu aliitia fremu akaitundika sebuleni, katikati ya mbili zangu. Kila nilipoketi kunywa chai niligeuza kiti nisiikabili.

Halafu mwalimu wangu wa chuo akaja Malindi kumwona bintiye, akapita nyumbani kunisalimu. Ni mzee sasa, anatembea kwa mkongojo. Enzi zile za chuo aliwahi kuniambia kwamba mkono wangu ni mzuri lakini jicho langu ni la woga, na neno lile nililibeba umri wangu wote. Nikamwamkia shikamoo, nikamkaribisha kiti, lakini hakukaa. Alikuwa ameziona picha. Alizipita zangu mbili kwa adabu, akasimama mbele ya ile ya katikati. Alisimama muda mrefu.

"Sasa umefika," akaniambia. "Woga umekutoka."

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Neno lenyewe lilikuwa fupi: si yangu. Badala yake nikasikia sauti yangu ikisema, "Asante, mwalimu."

Nilipogeuka, wifi alikuwa mlangoni, ameshika sinia ya chai na mahamri. Aliiweka mezani taratibu, akamwamkia mgeni, akamimina chai bila kumwaga hata tone. Kisha akarudi jikoni.

Jumamosi iliyofuata aliniambia ana nguo za kufua. Na iliyofuata pia. Hakununa, alinisalimu kila asubuhi kama kawaida, akaniwekea chakula. Nilikwenda Sabaki peke yangu, upepo ukanijazia mchanga kwenye rangi, nikarudi na karatasi nyeupe. La aibu zaidi ni hili: sehemu moja ya moyo wangu ilifurahi kwamba ameacha kuchora.

Baada ya mwezi hivi mwalimu akapiga simu. Kulikuwa na maonyesho madogo Kilifi, na alitaka ile picha ya mlango wa mto.

"Mwalimu, ile si yangu," nikasema. "Ni ya mke wa mdogo wangu. Nilikudanganya."

"Basi mlete yeye," akasema, akaniaga.

Nilimkuta wifi jikoni akikuna nazi. Nikakaa kwenye kigoda mbele yake nikamweleza yote, simu na maonyesho, nikamwomba msamaha. Aliendelea kukuna.

"Nilikasirika," akasema baadaye. "Lakini wifi, miaka miwili nakuonyesha, na hujaniambia hata mara moja kama ni nzuri. Nilidhani ni za kitoto, unanistahi tu. Siku ile uliposema asante, ndipo nilipojua."

"Ulijua nini?"

"Kama ni nzuri. Mtu haibi kibovu."

Nililia, na yeye akaniacha nilie, hakunibembeleza.

Kilifi tulikwenda pamoja. Picha ilitundikwa ikiwa na jina lake, watu wakamzunguka, na mwalimu akampa mkono mbele yangu. Nilisimama kando na soda yangu, wivu ukinitafuna kama siku ya kwanza. Nilidhani ukweli ungeuondoa. Haukuuondoa, ila sasa nilikuwa nao bila uongo juu yake, na hivyo unabebeka.

Jumamosi tumezirudia. Mwezi uliopita tulikuwa ufukwe wa Kuruwitu, mvua ilikuwa inakuja kutoka kusini na bahari imegeuka rangi ya risasi. Wifi alikuwa amekwisha maliza. Mimi nilikuwa napaka juu ya nilichopaka.

"Wifi," nikamwambia, "hebu nifundishe."

Alinitazama kuona kama ninatania. "Tazama mara moja," akasema, "uchague. Halafu usiinue kichwa mpaka umalize."

Nikatazama, nikachagua, nikainama. Niliinua kichwa mara tatu kabla ya tone la kwanza kuanguka.