Nilimuharakisha mujukuu, frigo ya chanjo ikaharibika

Kosa ni langu. Mujukuu wangu Masika hana kosa, na nimechoka kuona batu banamunyooshea yeye kidole hapa Butembo.

Miye koko yake, masomo niliachia troisième primaire, mwaka wa tatu tu. Masika anaandikaka programu kwa luga inaitwa Rust. Alinielezea hivi: ndani kabisa, fasi yenye kuongoza ordinateur, ile kompyuta, nzima, kuko kazi ya hatari. Babili bakigusa namba moja kwa saa ileile, inaharibika. Donc yeye anaifanyia kifuniko. Mwenye hana ufunguo, programu yake inakataliwa mbele hata ianze.

Kile kifuniko kilikuwa cha masini ya kupima baridi ya frigo ya chanjo, kwa centre de santé, kituo cha afya, moja upande wa Mavivi.

Siku ile tulipashwa kwenda Kayna, kumaliza matanga ya kaka yangu. Gari inapiga honi inje, Masika angali anaandika.

"Koko, unipe siku mbili. Kifuniko kingali na tundu, mutu anaweza kupita bila ufunguo."

"Tundu gani? Andika pale juu: mushike ufunguo kwanza. Batu hapana macho?"

"Batu banasahau, Koko."

"Unazarau batu bazima! Funga ile ordinateur, usinipatishe haya mbele ya ndugu!"

Akaandika onyo tu, akatuma. Eh, Mungu wangu!

Kahindo, mwenzake wa Beni, alijenga kazi yake juu ya ile. Onyo hakuliona, na hakuna kitu kilimukataza. Namba zikachanganyikana. Frigo inapata moto, kioo cha masini kinasema baridi iko bien. Chanjo yote ikatupwa. Bamama batoke mashambani na batoto mugongoni, barudishwe mikono mitupu!

Chef wao wa kazi akapiga simu. "Masika, nani alikuambia utume kazi haiyaisha?"

Nilikuwa pale, nachambua maharagi. Masika aliniangalia, akamujibu:

"Ni miye mwenyewe, chef."

Na miye nikaendelea na maharagi! Bakamufukuza kazi.

Haya inaniua: miye mwenyewe sukari yangu nafungiaka na kufuli, ufunguo uko shingoni. Miaka mingi nilisema "musiguse", na baligusa. Nilijua!

Jana nilimupigia ule chef, nikasema yote. Akajibu: "Asante, Koko. Mais chanjo hairudi." Kazi pia hakumurudishia.

Bakoko benzangu, mutoto akisema kazi haiyaisha, muikale, mungoje. Gari iende. Na siku banauliza nani alikosa, muache maharagi.