Mlango Uliomo Ukutani mwa Bunge

Wajenzi wa siku hizi huficha kila kitu. Ukuta huvishwa vigae, dari hufunikwa jipsamu, na fundi akiboronga hakuna anayejua. Jirani yangu Randa, seremala, hakujifunza kazi hivyo. Ujanani alipigilia mbao za kumwagia zege la ukumbi wa Bunge. Mchora ramani alikataza plasta: zege libaki uchi, na alama za mbao zionekane. Mafundi walicheka, maana kwao nyumba isiyo na plasta ni gofu.

Siku moja mbao zilipungua, na zege limeshachanganywa. Zege halisubiri mtu. Randa alikimbia nyumbani, akang'oa mlango wa chumba, akaupigilia pale penye pengo bila kuangalia upande upi unaelekea zege.

Mkewe aliporudi nyumbani alikuta pazia mahali pa mlango. Tangu hapo aliamini mlango uliuzwa, pesa zikaishia kilabuni. Akiambiwa aende akauone, hujibu, "Nikatazame saruji?"

Mwaka huu tukasikia ukumbi utavishwa vigae. Randa akanijia. "Wakiufunika, nitazikwa mwongo."

Nikamwendea mkewe. "Shemeji, twende. Ukimkuta mwongo, tangaza mtaa mzima."

"Hilo nalitaka," akasema, akachukua mtandio.

Nimesoma vitabu vingi peke yangu, lakini hakuna kilichoniandaa kwa ukumbi ule. Kuta zilipanda zikipinda, bila nguzo hata moja, mpaka juu ambako paa lilionekana kama halizigusi. Mwanga ulipenya hapo katikati, ukateremka juu ya zege na kuamsha kila mshipa wa mti. Msitu uliokwisha kukatwa zamani ulikuwa umesimama mle ndani. Nilivua kofia.

Randa alipapasa ukuta. "Hapa."

Mkewe akainama. Usawa wa kiuno kulikuwa na mistari mifupi iliyotokeza, mmoja juu ya mwingine, wa tatu umekwenda upande. Ni yeye aliyekuwa akichanja kimo cha mtoto wao wa kwanza mlangoni, kwa kisu cha jikoni. Michanjo ya mbao ilikuwa imegeuka matuta ya zege.

"Huu, mtoto alicheka, akatikisika," alisema, kidole juu ya ule wa tatu. Akainua macho hadi kwenye mwanga.

"Sasa mimi mlevi?" Randa akauliza.

"Mlevi ni mlevi. Ila mlango hukuuza."

Kisha akamgeukia fundi wa vigae aliyekuwa akifungua maboksi. "Baba, huku uje mwisho kabisa."